Kabla ya Mashine Mpya ya Maabara, Tufuate Safari ya Chupa ya Damu

Mkaazi aliyeketi kwenye benchi nje ya maabara ya hospitali huwa na swali moja: majibu yatatoka saa ngapi? Swali hilo hufika hadi kwenye vikao vya kutoa maoni ya umma, ambako wananchi huomba kaunti inunue mashine za kisasa zinazopima zenyewe. Ombi hilo ni la haki. Hata hivyo, mashine hufupisha kungoja pale tu ambapo kungoja kwenyewe kunasababishwa na upimaji, na mara nyingi sivyo ilivyo.

Mashine zinazopima zenyewe si jambo geni. Zamani chembe za damu zilihesabiwa kwa jicho kwenye darubini, moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1953 Mmarekani Wallace Coulter alipata hataza ya kifaa kinachopitisha chembe kwenye tundu dogo sana lenye mkondo wa umeme. Kila chembe inapopita huutikisa mkondo, na mtikisiko huo ndio unaohesabiwa. Ile chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau inayojazwa damu yako leo huenda kwenye mashine ya ukoo huo, na hesabu hutoka kwa takriban dakika moja. Mashine ya GeneXpert nayo, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Desemba 2010, hupima makohozi na kuonyesha kwa muda wa saa mbili hivi kama mgonjwa ana kifua kikuu, na kama vijidudu hivyo vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kuotesha vijidudu hivyo maabarani huchukua wiki kadhaa.

Sasa tuchukue mfano wa mama aliyetolewa damu saa mbili asubuhi ili apimwe sukari na figo. Chupa yake inawekwa kwenye trei ya wodi. Trei inangoja ijae, kisha inangoja mtu wa kuipeleka, nayo inafika maabara saa tatu na nusu. Karani anaandika jina kwenye daftari. Damu inazungushwa kwenye sentrifuji ili majimaji yatengane na chembe, halafu inaingia kwenye mashine, ambayo inamaliza kazi yake kwa dakika ishirini. Majibu yanachapishwa na kulala mezani hadi saa sita, kwa sababu hakuna aliyetumwa kuyachukua. Tukimnunulia mama huyu mashine inayopima kwa dakika kumi, atapata majibu saa sita kasoro dakika kumi, ikiwa kuna mtu wa kuyachukua.

Kuchelewa huko hakupotezi muda peke yake. Chembe za damu zilizo ndani ya chupa ya kawaida huendelea kula sukari, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Damu ikikaa sana bila kutenganishwa, potasiamu nayo huvuja kutoka kwenye chembe na kuonekana imepanda. Kwa hiyo sampuli iliyosahauliwa kwenye trei inaweza kumfanya mwenye kisukari aambiwe yuko sawa. Mashine haina kosa hapo. Imepima kwa usahihi damu iliyoharibika.

Ndiyo sababu mpango mzuri huanza kwa mtu mwenye saa na kalamu, anayeifuata chupa kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi majibu yanapofika kwa daktari, akiandika muda wa kila kituo. Kazi hiyo haina fahari wala haikatiwi utepe. Lakini ndiyo inayoonyesha kama kinachohitajika ni mashine, au mtu wa kubeba sampuli kila nusu saa.

Mara nyingi kinachohitajika kwanza ni kibandiko. Siku ya kliniki huwa na akina mama wawili wenye majina yanayofanana, na mwandiko wa haraka juu ya chupa haumsaidii mtu. Msimbopau, yaani ile mistari myeusi unayoiona kwenye pakiti ya unga dukani, humpa kila mgonjwa namba yake. Mashine ikiisoma namba hiyo, inajua vipimo vilivyoombwa, kisha inarudisha majibu yenyewe kwenye kompyuta ya hospitali. Hakuna anayenakili 13.5 akaandika 15.3. Sharti ni kwamba kibandiko kiwekwe mbele ya mgonjwa, damu inapotolewa. Kikiwekwa baadaye kwenye chupa isiyo yake, kosa hilo litasafiri hadi mwisho kwa kasi ya kompyuta.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie chumba. Mashine kubwa za kemia huhitaji maji yaliyosafishwa hadi chumvi ikaondoka, jambo gumu pale ambapo hospitali hutegemea kisima. Huhitaji chumba chenye ubaridi wa kadiri. Stima nayo ikipotea kwa sekunde chache kabla jenereta haijawaka, kazi iliyokuwa ikiendelea hukatika na kemikali zilizotumika hupotea, kwa hiyo betri za akiba ni lazima.

Halafu kuna fedha. Bei ya mashine ni mahari tu. Gharama ya ndoa ni kemikali za vipimo, vipuri na fundi. Mashine nyingi hukubali kemikali za mtengenezaji wake pekee. Kuna mikataba ambapo kampuni huleta mashine bila kuiuza, na hospitali hujifunga kununua kemikali kwake kwa miaka kadhaa. Mkataba kama huo unaweza kuifaa hospitali yenye wagonjwa wengi na kuiumiza yenye wachache, kwani kemikali zina tarehe ya kuharibika. Mashine iliyofunikwa kwa shuka kwa kukosa kemikali haimpimi mtu.

Mwananchi ana nafasi ya kuuliza haya. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukiona "mashine ya maabara" kwenye rasimu, uliza: kemikali za mwaka wa pili zimetengewa fedha? Fundi atatoka wapi, na atafika baada ya siku ngapi? Mashine ikiharibika, sampuli zitapelekwa wapi? Rekodi zitalindwa vipi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019?

Wapo wanaohofia kwamba wataalamu wa maabara watafutwa kazi. Anayeingia maabara ataona bado wanahitajika sana. Mashine mpya haianzi kutumika siku inapofunguliwa kutoka kwenye sanduku; kwanza wataalamu hupima sampuli zilezile kwa njia ya zamani na mpya, wakalinganisha. Kila siku hupima sampuli yenye jibu linalojulikana kabla ya kugusa ya mgonjwa. Mashine ikitoa alama ya shaka, mtaalamu hurudi kwenye darubini, na darubini hiyohiyo bado ndiyo inayotumika kuhesabu vimelea vya malaria. Daftari la karatasi nalo libaki kabatini, kwa ajili ya siku ambayo mtandao utakwama.

Kwako wewe unayekwenda kupimwa kesho: ukiulizwa majina yako yote na tarehe ya kuzaliwa, yataje mwenyewe badala ya kuitikia tu "ndiyo". Ukiambiwa usile, usile, na chai ya maziwa inahesabiwa. Na kabla ya kuinuka kwenye kiti, itazame chupa. Kama haina jina lako wala kibandiko, mwombe mhudumu akiweke ukiwa bado hapo.