Kabla ya Kumkabidhi Mwenye Meli Kiinua Mgongo Chako

Wakati wa kaskazi mkazi wa Unguja au wa Mombasa huweza kuamka asubuhi akaikuta meli kubwa nyeupe imetia nanga, mrefu kuliko jengo lolote la mtaani kwake. Baada ya muda abiria huanza kushuka. Wavae kofia pana wavaavyo, wengi wao ni wazee: mvi kichwani, mkongojo mkononi, kamera shingoni. Hawaendi kazini wala hawahamii nchi. Wamestaafu, nao wameamua kuuzunguka ulimwengu kwa maji, wengine kwa miezi mitatu au minne mfululizo.

Wazee wetu wa pwani waliwahi kuziona meli za namna nyingine. Wanaikumbuka Karanja, iliyokuwa ikienda na kurudi Bombay, na wanaikumbuka Uganda, iliyoanza kazi mwaka 1952 kati ya London na bandari zetu. Abiria wa meli hizo walikuwa na mahali pa kufika. Huyu wa leo hana haja ya kufika popote. Safari yenyewe ndiyo bidhaa aliyoinunua. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu bidhaa hiyo hulipiwa yote, na kulipiwa mapema, kabla mnunuzi hajaionja hata kidogo.

Shangazi yangu ni mmoja wa hao wanaotamani safari hizo. Alikwenda Uingereza akiwa msichana, akafanya kazi ya uuguzi hospitalini kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, akafiwa na mumewe huko huko, na sasa amestaafu. Alipokuja nyumbani likizo ya mwisho alinikalisha kitako, akatandaza mkekani vitabu vya matangazo vya kampuni za meli, vyenye picha za machweo na kamba za baharini, akaniambia: "Mwanangu, nisomee haya maandishi madogo. Yale makubwa nimekwisha kuyasoma mwenyewe."

Msomaji utauliza, habari hizi zamhusu nini fundi wa Gerezani au karani wa Posta? Zamhusu kwa njia mbili. Wengi wetu tuna ndugu waliozeekea Ulaya na Marekani, nao hutuomba shauri. Tena, pesa ya uzeeni ni ile ile popote: huja mara moja, na akipotelewa nayo mtu wa miaka sitini na mitano, hana miaka thelathini mingine ya kuichuma.

Kilichomvutia shangazi kuliko vyote kilikuwa ni wazo la kuiuza nyumba yake na kuhamia melini kwa miaka mitatu. "Nitaishi kwa kuhudumiwa," alisema, "mimi niliyewahudumia watu maisha yangu yote." Hoja hiyo ilinigusa. Hata hivyo nilimsimulia yaliyotokea mwaka 2023. Kampuni moja iliyojiita Life at Sea ilitangaza safari ya miaka mitatu kuizunguka dunia, ambayo ingeanzia Istanbul tarehe 1 Novemba mwaka huo. Watu walilipa. Wako waliouza nyumba zao, wako waliozipangisha, wakagawa vyombo na samani. Tarehe ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena, na mwezi huo huo wa Novemba safari ikafutwa, baadhi ya abiria wakiwa wameshafika Istanbul na mizigo yao. Sababu ilikuwa nyepesi kuieleza: meli iliyokusudiwa haikuwa mali ya waliouza safari. Walitumaini kuinunua, ikanunuliwa na kampuni nyingine. Abiria waliahidiwa kurudishiwa fedha zao kwa mafungu.

Mwaka uliofuata meli iitwayo Villa Vie Odyssey, iliyoundwa tangu mwaka 1993, ilikuwa iondoke Belfast mwishoni mwa Mei kwa safari ya namna hiyo hiyo. Hii angalau ilikuwapo, watu waliweza kuigusa. Lakini ilihitaji matengenezo ya usukani na gia, na abiria wake wakangoja takriban miezi minne kabla haijang'oa nanga.

Basi swali la kwanza si chumba kikoje wala chakula kikoje. Swali la kwanza ni: meli iko wapi leo? Ina jina, ina mwenyewe, inasafiri hivi sasa? Kampuni yenye meli baharini inaweza kukuchosha, inaweza kukutoza kupita kiasi, lakini haiuzi njozi. Swali la pili ni: fedha yangu inalindwa na nani kampuni ikifilisika? Jambo hilo si la kufikirika. Mnamo Julai 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ilianguka kampuni ya Cruise & Maritime Voyages, ambayo wateja wake wengi walikuwa wazee wa Uingereza. Huko Uingereza mtu anayenunua safari kamili kwa muuzaji wa nchini hulindwa na kanuni za mwaka 2018, ambazo humtaka muuzaji aweke dhamana ya kumrudishia mteja fedha zake. Huko Marekani, kampuni yenye meli ya kuchukua abiria 50 au zaidi inayoanzia safari katika bandari za nchi hiyo hulazimika kuonyesha dhamana ya fedha kwa Tume ya Shirikisho ya Usafiri wa Baharini. Mwulize wakala wako, kwa maandishi, dhamana yake ni ipi. Akianza kukueleza habari za bwawa la kuogelea, funga kitabu chako uondoke.

Shangazi aliniuliza kama umri wa kampuni si dhamana tosha. Kampuni ya Cunard ilianza safari zake mwaka 1840, na Holland America ilianzishwa Rotterdam mwaka 1873. Ni kweli, kampuni kongwe imezoea bahari. Lakini afahamu mnunuzi kwamba Cunard, Holland America, Princess na P&O zote zimo mikononi mwa mwenye mali mmoja, yaani shirika la Carnival. Mzee hudhani anachagua baina ya maduka manne, kumbe ni milango minne ya duka moja. Hilo si kosa. Tofauti za milango hiyo zipo, na kwa safari ndefu ni kubwa.

Kwa juma moja mtu huvumilia chochote. Kwa siku 110, tabia ya meli huwa ndiyo tabia ya mtaa unaoishi. Kuna meli kama Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, yenye kuweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Huo ni mji wa familia na watoto, wenye mabomba ya kuteleza majini na kelele za furaha, nao haukujengwa kwa ajili ya mjane anayetaka kusoma kitabu. Kuna Viking, ambayo haipokei watoto walio chini ya miaka 18 wala haina chumba cha kamari. Kuna Saga ya Uingereza, inayowauzia safari watu wa miaka 50 na kuendelea, katika meli zenye abiria wapatao 1,000, na yenye kuingiza bima katika nauli. Na kuna Queen Mary 2 ya Cunard, ya mwaka 2004, ambayo umbo lake liliundwa mahsusi kwa kuikata Atlantiki na mawimbi yake. Nayo, ukitaka kucheka, ina mabanda ya kusafirisha mbwa. Shangazi alipoambiwa habari za mbwa hao, na kwamba wana mtumishi wao, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama mtumishi huyo naye analipwa pensheni.

Tukafika kwenye hesabu. Nauli zote vitabuni zimeandikwa kwa mtu mmoja, lakini kwa sharti kwamba wawili wanalala chumba kimoja. Mjane anayesafiri peke yake hutozwa nyongeza, na katika meli nyingi nyongeza hiyo hukaribia nauli ya mtu wa pili asiyekuwapo. Shangazi alikasirika. "Yaani nimlipie marehemu?" Ndivyo ilivyo, isipokuwa kwa kampuni zilizotenga vyumba vya mtu mmoja, na vyumba hivyo ni vichache, huisha mapema. Juu ya nauli kuna bahashishi ya watumishi, ambayo katika kampuni nyingi hukatwa kila siku kwa kila kichwa. Kuna dobi, kuna vinywaji, kuna matembezi ya bandarini. Kitu kionekanacho kidogo kwa siku, kizidishe mara 110 ndipo uamue. Kampuni yenye nauli kubwa lakini inayojumlisha haya yote pengine ni nafuu kuliko ile iliyokuvuta kwa bei ya chini.

Kuhusu tiba, muuguzi hakuhitaji kufundishwa, ila hata yeye kuna asilolijua. Meli kubwa zina daktari, wauguzi na zahanati yenye vifaa vya dharura. Hazina hospitali ya rufaa. Mgonjwa mahututi hushushwa bandari inayofuata, au huchukuliwa kwa helikopta ikiwa pwani iko karibu. Katikati ya bahari kuu hakuna helikopta ya kufika. Na matibabu ya melini hulipiwa papo hapo kwa bei za watu binafsi. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza haimfuati mtu baharini. Bima ya wazee wa Marekani iitwayo Medicare nayo kwa kawaida hailipi meli ikiwa zaidi ya saa sita kutoka bandari ya nchi hiyo. Kwa hiyo bima ya safari ni ya lazima, tena bima ambayo mwenyewe ameitajia kila ugonjwa alio nao. Shangazi ana shinikizo la damu. Alitaka kulinyamazia ili bima ipungue bei. Nilimwambia, na nakuambia na wewe: ugonjwa uliofichwa ndio wa kwanza kutafutwa na kampuni ya bima siku ya kudai.

Usafi nao wapimika. Katika Marekani wakaguzi wa afya huzikagua meli zinazofika bandarini kwao na kuzipa alama katika 100. Iliyopata 85 au chini yake imeshindwa, na matokeo hutangazwa hadharani. Ni jambo la dakika tano kuyatazama, nalo lasema mengi kuliko picha ya kamba wa kuchoma. Asiyejali akumbuke Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama mwezi Februari 2020 ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakaambukizwa korona.

Halafu lilizuka jambo ambalo vitabu vyote vile havikulitaja, kwa kuwa havikuandikwa kwa watu kama sisi. Shangazi hakuuacha uraia wake; anaishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, mkononi ana pasipoti ya Tanzania. Jirani yake Mwingereza hushuka katika bandari nyingi bila kuulizwa. Yeye anahitaji viza ya India, ya Australia, ya Marekani na ya nchi za Ulaya, tena ya Ulaya iwe ya kuingia mara nyingi, kwa maana meli hutoka na kurudi. Kampuni inaweza kumkatalia kupanda meli kwa kukosa viza moja, na nauli isirudi. Kubwa zaidi ni hili: kibali chake cha ukaazi hukoma akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo. Safari ya miaka mitatu ingemvua nyumba na makazi kwa mkupuo mmoja. Aliposikia hivyo alikiondoa kitabu kile mkekani, hakukitaja tena.

Maandishi madogo yalikuwa na neno jingine, nalo nilimsomea mara mbili. Kampuni zote hujiwekea haki ya kubadili njia. Tangu mwishoni mwa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Sham, safari nyingi za mwaka 2024 ziliacha njia ya Suez zikapitia Rasi ya Tumaini Jema, na waliokwisha kulipia bandari fulani hawakuziona. Shangazi alikuwa akichagua safari kwa sababu moja tu iliyojificha nyuma ya zote: kuiona Unguja kutoka baharini, asubuhi, kama alivyoiona alipoondoka. Nikamweleza kwamba bandari hiyo ikifutwa hana dai. Tena mahali ambapo meli haifungi gatini, abiria hushushwa kwa mashua, na mwenye magoti mabovu huenda akazuiwa kushuka bahari ikichafuka.

Alifikiri siku mbili. Hakuiuza nyumba. Aliamua kwanza kununua safari ya siku kumi na nne, katika meli ya kampuni ile ile anayoikusudia, apate kujua kama tumbo lake lalihimili wimbi na kama atapata wa kuzungumza naye mezani. Ikimridhisha, hatanunua mzunguko mzima wa dunia bali kipande chake, kwa kuwa kampuni nyingi huziuza safari hizo vipande vipande. Atapandia Afrika Kusini, ateremke mbele ya safari.

Juma lililopita alinipigia simu. Ameshatoa arabuni, ameiandika kalendani tarehe ya mwisho ya kumaliza malipo na ile ambayo baada yake akijitoa hupoteza kila kitu. Chumba amechukua cha sitaha ya chini, katikati ya meli, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo kuliko omo au tezi, nacho hakina dirisha. Nikamuuliza kama hatajuta kukosa dirisha. Akasema dirisha atalikuta juu sitahani bila malipo. Yeye anachotaka sasa ni nimtazamie katika ramani ya meli kama juu ya chumba hicho hakuna jiko au ukumbi wa dansi.