Kuchagua Kinasa-Mtetemo cha Gitaa la Umeme

Kwaya ya Ruaha Mbuyuni, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, ikiharibikiwa na gitaa la umeme yaweza kulazimika kuagiza kipuri kutoka mbali. Kukosea ni kupoteza fedha za michango.

Kinasa-mtetemo ni sumaku iliyozungukwa na koili ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetema hubadili uga wa sumaku, na umeme hafifu huzalika katika koili. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Lakini koili hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, wenye hezi 50. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliunganisha koili mbili zilizo kinyume kwa mzunguko na kwa ncha za sumaku. Hapo mvumo hujifuta, na sauti ya nyuzi hujumlishwa.

Kabla ya kununua, tenga koili na saketi, kisha pima ukinzani wake. Usipokuwa na kikomo, waya umekatika. Koili ikiwa nzima, na mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, yaelekea kasoro imo katika kinga ya nyaya. Kinasa kipya hakitaiondoa.

Tusivutwe na nguvu pekee. Kwa waya wa unene ule ule, kinasa cha omu 15,000 kina mizunguko mingi kuliko cha omu 8,000. Kina nguvu zaidi, lakini hufifisha sauti za juu. Gitaa la kusindikiza waimbaji lahitaji sauti angavu, basi cha omu 8,000 hufaa zaidi. Pimeni pia nafasi kati ya nyuzi. Mita na rula za maabara ya shule zatosha.