Chupa ya Maji Kwenye Triga

Utotoni Matisi, Kitale, feya, yaani manati, haikununuliwa. Ulikata panda ya mpera, ukaikausha juu ya moto, ukafunga blada mbili kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, na ulimi wa kiatu ukawa kikalio cha jiwe. Bingwa wa mtaa hakuwa mwenye misuli. Alikuwa yule ambaye vidole vyake viliachia jiwe bila mkono kushtuka.

Bastola ya easofti, ile ya mchezo inayorusha kigololi cha plastiki cha milimita 6, imeikabidhi triga kazi ya vidole hivyo. Mchezo huu ulianzia Japani, ambako raia wa kawaida hawezi kujinunulia bastola ya kweli. Muuzaji atakusifia kasi. Wewe uliza triga.

Ukiivuta, kwanza husogea kilegevu. Kisha inagoma. Ukiongeza nguvu kidogo, jino dogo la ndani linateleza, nyundo inaachiwa. Triga nzuri huachia mara moja. Triga mbaya hukokota kama droo iliyovimba kwa mvua, mpaka mpigaji aisukume kwa kiganja kizima na mtutu uhame. Mtutu ukipinda nyuzi moja tu, umbali wa mita 10 kigololi hukosa shabaha kwa sentimita 17 hivi.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Bastola ikiwa tupu kabisa, bila kigololi wala gesi, ikoki, elekeza mtutu juu, kisha tundika chupa kwa uzi katikati ya triga. Mimina maji polepole mpaka nyundo iachie. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa yenyewe ndiyo mizani. Katika mashindano ya Olimpiki ya bastola ya hewa, mita 10, triga sharti ihimili angalau gramu 500: nusu lita basi! Lakini usiupapie wepesi. Rudia mara kumi, uandike kila kipimo. Mimi ningechukua triga nzito inayoachia palepale kila mara, niiache nyepesi yenye vituko.

Kuna baridi pia. Ukivuta blada ghafla na kuigusisha mdomo, utahisi imepata joto, ukiilegeza, inapoa. Bastola ya gesi nayo hupoa: kila mlio, gesi iliyo majimaji ndani ya magazini inageuka mvuke na kunyonya joto la chuma. Piga mfululizo, magazini inakuuma kiganja kwa ubaridi. Gesi ikiwa propani, kanieneo yake ya bar 8 hivi kwenye nyuzijoto 20 hushuka hadi bar 6 na kitu kwenye nyuzi 10. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na asubuhi za Julai si za mzaha. Bastola iliyokufurahisha adhuhuri dukani inaweza kukohoa tu saa moja asubuhi. Ya springi haijali hali ya hewa, ingawa utaikoki kwa mkono kila mara.

Miwani ya kukinga macho ni lazima. Kigololi hakimjui rafiki. Tena Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inazihesabu bastola za hewa kuwa silaha, kwa hiyo ulizia Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kuagiza chochote. Feya yetu haikudai kibali. Ilifichwa tu chini ya godoro, hasa siku ambayo kioo cha jirani kimevunjika.