Kompyuta Inapokataa Kufanya Kazi

Katika sura iliyopita ulijifunza juu ya sakiti ya umeme. Uliona kwamba balbu haiwaki mpaka njia ya umeme iwe imekamilika, kutoka kwenye betri, kupitia waya na swichi, hadi kwenye balbu na kurudi tena kwenye betri. Katika sura hii utaitumia elimu hiyo kuchunguza mashine ambayo siku hizi hupatikana katika nyumba, shule na ofisi nyingi, yaani kompyuta.

Tuseme kwamba alasiri moja kaka yako anaandika barua ya kuomba kazi kwa kompyuta ya mezani. Barua hiyo inatakiwa kupelekwa kabla ya saa kumi jioni. Ghafla skrini inakuwa nyeusi. Kaka anabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, mara mbili, mara tatu. Kimya. Anaipiga mashine kofi ubavuni. Jirani anasema kwamba kompyuta imeungua. Rafiki yake anashauri iitwe gari, ipelekwe mjini kwa fundi.

Je, nani kati yao anaujua ubaya ulipo? Hakuna, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyechunguza. Wote wanabahatisha.

1. Uliza kabla ya kugusa

Mganga mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maswali. Nawe fanya vivyo hivyo. Kompyuta ikikataa kufanya kazi, uliza:

(a) Ni kitu gani hasa hakifanyi kazi?
(b) Kilianza lini kukataa?
(c) Ni jambo gani lilitendeka muda mfupi kabla ya hapo?
(d) Je, kuna kitu kingine kilichokataa wakati uo huo?

Tuyatumie maswali haya kwa kompyuta ya kaka. Taa ya chumbani inawaka. Basi umeme wa nyumba upo, na salio la LUKU halijakwisha. Lakini dada, ambaye alikuwa akipiga pasi katika chumba hicho hicho, anasema kwamba pasi nayo imepoa. Tena birika la umeme, lililokuwa karibu kuchemka, limenyamaza.

Hii ni habari kubwa. Kompyuta, pasi na birika haviwezi kuharibika vyote kwa dakika moja. Yafaa tutafute mahali ambapo vitu hivi vitatu vinakutana. Vyote vitatu vilichomekwa katika ekstensheni moja.

2. Fuata njia ya umeme

Umeme hufika kwenye kompyuta kwa hatua. Hutoka kwenye soketi ya ukutani, hupita katika plagi na waya, huingia katika kisanduku cha kugawia umeme kilichomo ndani ya kompyuta, ndipo huzifikia sehemu nyingine. Skrini ya kompyuta ya mezani ina waya wake wa umeme, na tena ina waya wa pili unaoleta picha. Njia ikikatika mahali popote, mbele ya hapo hapana kazi.

Kwa hiyo anza mwanzoni mwa njia na uende mbele. Usirukeruke. Mwombe mtu mzima achomeke redio katika soketi ya ukutani. Ikilia, soketi ni nzima. Kisha aichomeke katika ekstensheni. Isipolia, ubaya umo katika ekstensheni, na kompyuta haina kosa lolote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka. Katika plagi ya ekstensheni mlikuwamo fyuzi ya ampea 5. Birika la wati 2000 peke yake huvuta karibu ampea 9, na pasi nayo ilikuwa ikivuta umeme wake. Mkondo ukazidi, waya mwembamba wa ndani ya fyuzi ukayeyuka, na njia ikakatika. Fyuzi haikufanya vibaya. Ilifanya kazi yake, yaani ilikatika yenyewe ili waya wa ekstensheni usipate moto na kuunguza nyumba. Kwa sababu hiyo usikubali kamwe fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa kipande cha waya au msumari. Mtu mzima ataweka fyuzi nyingine ya kipimo kile kile, na pasi na birika vitahamishiwa katika soketi za ukutani.

3. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja

Hii ndiyo kanuni kuu ya sura hii. Tuseme kipanya hakifanyi kazi. Ukibadilisha kipanya, ukahamisha waya katika tundu lingine, na ukaizima kompyuta na kuiwasha tena, vyote kwa pamoja, huenda kipanya kikafanya kazi. Lakini je, ubaya ulikuwa katika kipanya, katika tundu, au katika programu? Hutajua. Huenda ukatupa kipanya kizima.

Kwanza hamisha waya katika tundu lingine, halafu jaribu. Ikiwa bado, zima kompyuta na uiwashe tena, halafu jaribu. Ikiwa bado, azima kipanya ambacho una hakika ni kizima, halafu jaribu. Andika katika daftari kila ulichofanya na kila ulichoona. Hivyo ndivyo wanasayansi wafanyavyo.

4. Dalili na sababu zake

Sasa tutazame matatizo machache yanayotokea mara kwa mara.

Kompyuta inazimika yenyewe baada ya muda. Gusa ubavu wake. Je, ni wa moto? Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ambacho hufanya hesabu zote. Prosesa ikifanya kazi hutoa joto, na feni hulipuliza joto hilo nje. Vumbi likiziba matundu ya hewa, joto hubaki ndani. Prosesa nyingi zikifika karibu na nyuzi 100 za Sentigredi, jotoridi ambalo maji huchemka, kompyuta hujizima ili isiharibike. Dawa yake ni kuondoa vumbi katika matundu, wakati kompyuta imezimwa na kuchomolewa. Kompyuta mpakato usiiweke juu ya godoro au mto, kwani kitambaa huziba matundu yaliyo chini yake.

Kompyuta inaganda. Skrini inaonekana, lakini kipanya hakiendi na herufi haziandikiki. Subiri dakika chache, maana huenda inamaliza kazi nzito. Ikiwa haibadiliki, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kama 10 mpaka izimike, kisha uiwashe tena. Njia hii itumie mwishoni tu, kwa sababu kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Kompyuta inakwenda polepole. Hesabu programu zilizofunguliwa. Kila programu huchukua nafasi katika kumbukumbu. Zikiwa nyingi, kompyuta ni kama mpishi mmoja anayetazama vyungu kumi. Funga zile usizozitumia. Tena tazama kama diski imejaa.

Neno la siri linakataliwa. Kabla ya kusema kwamba umelisahau, tazama kitufe cha herufi kubwa. Kompyuta huzitofautisha herufi kubwa na ndogo. Mara nyingi kitufe hicho kimebonyezwa bila kukusudia.

Tarehe na saa hurudi nyuma. Katika kompyuta nyingi za mezani mna betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, yenye volti 3. Betri hii huiwezesha saa ya kompyuta kutembea hata mashine ikiwa imechomolewa. Ikiisha nguvu, kompyuta husahau tarehe. Kurasa nyingi za intaneti nazo hukataa kufunguka, kwa sababu kompyuta haiwezi kuhakikisha vyeti vya usalama vya kurasa hizo ikiwa tarehe yake si sahihi. Mtu asiyechunguza atalaumu intaneti, kumbe ubaya ni betri ya saa.

Kibodi imemwagikiwa chai. Zima kompyuta mara moja na uichomoe. Pindua kibodi chini juu ili chai itoke, na usiitumie mpaka ikauke kabisa. Maji yenye chumvi hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita.

5. Mdudu ndani ya mashine

Tarehe 9 Septemba, 1947, wataalamu walikuwa wakiijaribu mashine kubwa ya kuhesabu iitwayo Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani. Mashine hiyo haikuwa na prosesa ndogo kama za leo. Ilifanya hesabu kwa relei, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa nguvu ya sumaku. Siku hiyo mashine ilikosea. Wataalamu waliichunguza, na katika relei moja wakamkuta nondo aliyenaswa. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kumbukumbu, na wakaandika kando yake kwamba wamempata mdudu.

Walifanya mzaha, kwa kuwa tangu zamani wahandisi waliosema Kiingereza waliita kosa la mashine “mdudu”. Hata leo watengenezaji wa programu hutumia neno hilo. Nasi tunajifunza jambo. Wataalamu wale hawakuipiga mashine kofi. Walitafuta hatua kwa hatua mpaka wakapata mahali penye ubaya, kisha wakaandika walichokiona.

6. Kwa nini tuhifadhi kazi?

Turudi kwa kaka. Kompyuta sasa inawaka. Je, barua yake ipo?

Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda. Hii ni kama ubao wa darasani. Huandikwa upesi, lakini umeme ukikatika hufutika yote. Ya pili ni diski. Hii ni kama daftari lako. Kilichoandikwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Unapoandika barua, maneno yako huwa kwanza juu ya “ubao”. Unapoagiza kompyuta ihifadhi, ndipo yanaponakiliwa katika “daftari”.

Kaka alikuwa amehifadhi barua yake kabla ya kuandika aya ya mwisho. Aya hiyo imepotea, na ataiandika upya kwa dakika tano. Kama asingehifadhi, angeianza barua yote tangu mwanzo, na saa kumi ingemkuta bado anaandika.

Diski nayo huweza kuharibika au kuibiwa. Kazi yenye thamani, kama hesabu za duka au matokeo ya mitihani, iwe na nakala nyingine mahali pengine, kwa mfano katika flashi iliyowekwa mbali na kompyuta. Mashine hununuliwa tena, lakini kazi iliyopotea hainunuliki dukani.

7. Hadhari

Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Umeme wa soketi za Tanzania una volti 230, sawa na betri zaidi ya 150 zilizopangwa mfululizo. Umeme huu huua. Kwa hiyo:

(a) Usiguse plagi au soketi kwa mikono yenye maji.
(b) Usifungue kisanduku cha kugawia umeme, hata kama kompyuta imechomolewa. Ndani yake mna kapasita, ambazo huweka umeme kwa muda baada ya kuchomolewa.
(c) Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua au ukiona moshi, usiendelee kuchunguza. Mwite mtu mzima azime swichi kuu.
(d) Kukiwa na radi, kompyuta izimwe na ichomolewe mapema.

Kujua mahali pa kukomea ni sehemu ya ufundi. Ukimpelekea fundi daftari lenye maelezo ya uliyoyaona, umemwokolea nusu ya kazi yake.

8. Jaribio: Kutafuta ubaya uliofichwa

Jaribio hili halihitaji kompyuta.

Vifaa: tochi moja, betri zake, balbu moja na betri mbili za akiba zilizo nzima, kipande cha karatasi.

Njia:
(i) Hakikisha tochi inawaka.
(ii) Geuka nyuma. Mwenzako aweke ubaya mmoja kwa siri. Anaweza kugeuza betri moja, kulegeza balbu, au kuweka karatasi kati ya betri mbili.
(iii) Tafuta ubaya huo. Badilisha au chunguza kitu kimoja tu kwa mara moja, na ujaribu swichi kila mara.
(iv) Andika katika jedwali: nilichofanya, nilichoona, ninachofikiri.
(v) Badilishaneni zamu. Safari hii mwenzako aweke ubaya wa aina mbili kwa pamoja. Je, kazi imekuwa ngumu zaidi? Eleza kwa nini.

Maswali

1. Skrini ya kompyuta ni nyeusi, lakini feni inasikika na taa ndogo ya kompyuta inawaka. Je, ni sehemu gani za njia ya umeme ambazo una hakika ni nzima? Utachunguza nini kwanza?
2. Kwa nini si vizuri kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja?
3. Fyuzi ya ekstensheni imekatika mara mbili kwa siku moja. Jirani anashauri iwekwe fyuzi ya ampea kubwa zaidi. Utamjibu nini?
4. Eleza tofauti kati ya kumbukumbu ya muda na diski.
5. Chagua chombo kimoja cha nyumbani kwenu, kama redio, baiskeli au jiko la mafuta ya taa. Andika hatua tano, kwa utaratibu, ambazo mtu atazifuata chombo hicho kinapokataa kufanya kazi.