Kilio cha Saa Tisa

Kitabu cha kwanza cha Biblia kuchapishwa kwa Kikamba kilikuwa Injili ya Marko. Mtafsiri alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Rabai, nayo ikapigwa chapa Tübingen mwaka 1850. Hivyo Yesu wa kwanza kuandikwa kwa lugha ya watu wa Kasikeu, huku Ukambani, ni yule anayetamka neno moja tu msalabani: anamuuliza Mungu wake kwa nini amemwacha.

Luka anamsikia akiwaombea msamaha watesi wake. Yohana anamwona akimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi. Marko hana hayo. Wanafunzi wametoroka, Petro amekana, wapita njia wanadhihaki, giza linatanda tangu saa sita hadi saa tisa, ndipo kilio kinatoka. Hata hapo haeleweki: wengine wanadhani anamwita Eliya, na mmoja anakimbia kuchovya sifongo katika siki.

Je, Mungu alimwacha kweli?

Katika makanisa ya AIC (Africa Inland Church), yaliyoenea Ukambani baada ya mmisionari Peter Cameron Scott kufungua kituo Nzaui mwaka 1895, huhubiriwa kwamba Yesu alibeba hukumu ya dhambi zetu, na kutengwa na Baba kulikuwa sehemu ya hukumu hiyo. Wengine hukumbusha kwamba kilio kile ndicho kinachofungua Zaburi ya 22, inayoanza kwa ukiwa na kuishia kwa sifa. Ni kweli, ila tusikimbilie mwisho. Marko alichagua mwanzo. Mwanateolojia Mjerumani Jürgen Moltmann, aliyesoma kilio hicho akiwa kijana mfungwa wa vita, aliandika mwaka 1972 kwamba Mwana alionja kuachwa, naye Baba akaonja kufiwa.

Krapf mwenyewe aliyajua hayo. Mwaka 1844 alizika mke na mtoto Mombasa. Mwaka 1851 chifu Kivoi wa Kitui, mwenyeji wake, aliuawa safarini karibu na mto Tana. Krapf akabaki peke yake porini, maji yake ya kunywa akiyabeba ndani ya mtutu wa bunduki.

Basi mama wa Kasikeu anayemuuliza Mungu yuko wapi, mahindi yamekauka na kaburi bado bichi, asikemewe kwamba amepoteza imani. Yesu aliuliza, na aliyemuuliza alimwita Mungu wake. Mbele ya msalaba alisimama akida wa Kirumi. Alipoona jinsi Yesu alivyokata roho, yeye ndiye akawa binadamu wa kwanza, katika masimulizi ya Marko, kumkiri kuwa Mwana wa Mungu.