Bingwa wa Sataranji Aliyetaka Kuifundisha Mashine

Aliyepata kukaa barazani, Ifakara mjini au Katindiuka, akawatazama wazee wakicheza bao, bila shaka ameona tofauti ya mwanafunzi na fundi. Mwanafunzi hulitazama shimo hili, akaliacha. Hulitazama lile, akarudia la kwanza. Na mwisho hucheza vibaya. Fundi hutazama kidogo tu, kisha hutia mkono. Si kwamba ana pupa. Mashimo mengine hakuyafikiri hata kidogo, kwa kuwa amekwisha kujua ya kuwa hayana faida. Je, ujuzi wa namna hiyo waweza kutiwa katika mashine? Mtu mmoja wa Urusi alitumia zaidi ya miaka 20 ya maisha yake kulijaribu jambo hilo. Lakini mchezo wake haukuwa bao, bali sataranji.

Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye vyumba 64. Kila mchezaji ana kete 16, nazo zina majina na mwendo mbalimbali: mfalme, malkia, ngome, farasi na nyinginezo. Amzingiraye mfalme wa mwenziwe hata asiwe na pa kukimbilia, ndiye mshindi.

Mtu huyo aliitwa Mikhail Botvinnik. Alizaliwa mwaka 1911, akajifunza sataranji akiwa na miaka 12. Mwaka 1925 bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca wa Cuba, alifika mji wa Leningrad akacheza na watu wengi kwa wakati mmoja, akitoka ubao huu kwenda ule. Mmoja wao, mtoto wa miaka 14, akamshinda. Mtoto huyo ndiye Botvinnik.

Hata hivyo hakuufanya mchezo kuwa kazi yake ya pekee. Alisoma uhandisi wa umeme, akashughulika na mitambo ya kuzalisha umeme na njia za kuupeleka mbali kwa waya, kama umeme wa bwawa la Kidatu upelekwavyo Morogoro na Dar es Salaam tangu 1975. Mwaka 1951 alipata shahada ya udaktari katika elimu hiyo. Na sataranji nayo aliishika kihandisi. Aliichunguza michezo yake mwenyewe, akayachapisha aliyoyaona ili wengine wamkosoe. Kwa kuwa moshi wa tumbaku ulimsumbua mashindanoni, inasimuliwa kwamba alimwomba rafiki yake Ragozin acheze naye huku akimpulizia moshi usoni, mpaka akauzoea.

Mwaka 1948 mabingwa watano walikutana The Hague na Moscow kushindania ubingwa wa dunia, maana bingwa Alekhine alikuwa amefariki mwaka 1946. Botvinnik alipata pointi 14 katika michezo 20, akawapita wote. Mwaka 1957 Smyslov alimnyang'anya ubingwa. Mwaka uliofuata akaurudisha. Mwaka 1960 akashindwa na Tal, kijana wa miaka 23, na wengi wakadhani mzee amekwisha. Akakaa akaichunguza michezo ya Tal, na mwaka 1961, akikaribia miaka 50, akamshinda kwa 13 kwa 8. Petrosian ndiye aliyeutwaa ubingwa huo moja kwa moja, mwaka 1963.

Alipoacha kushindana mwaka 1970, aliyaelekeza mawazo yake kwenye kompyuta. Ili kuelewa kazi aliyojitwika, tufanye hesabu kidogo. Mchezaji wa kwanza ana njia 20 za kuanza, na mwenziwe naye ana 20 za kumjibu. Zikizidishwa ni 400. Kila mmoja akicheza mara mbili, njia zimekuwa 197,281. Hapo mchezo ndiyo kwanza umeanza! Mafundi wengi wa kompyuta walisema: mashine ina mbio, na ihesabu njia zote kadiri iwezavyo. Botvinnik alikataa. Yeye alitaka mashine ichague kama bingwa achaguavyo, itazame njia chache zenye maana na kuziacha zilizobaki. Programu yake aliiita Pioneer.

Mwaka 1977 kompyuta zilishindana Toronto, nchini Kanada, na Botvinnik alikuwapo akitazama. Kaissa, programu ya Urusi yenye kuhesabu, ilikuwa ikicheza na Duchess ya Marekani. Ghafla Kaissa ikaitoa ngome yake bure. Wajuzi wakashangaa, Botvinnik miongoni mwao. Wakaona kuwa mashine imeharibika. Baadaye ilipochunguzwa, ilionekana kwamba kama Kaissa ingecheza walivyotazamia wote, Duchess ingeweza kumtoa malkia wake sadaka, na mfalme wa Kaissa angezingirwa punde. Mabingwa hawakuliona jambo hilo, kwa sababu kumtoa malkia ni jambo ambalo akili ya bingwa huliacha upesi. Mashine haikuacha kitu. Kaissa ilishindwa mchezo huo, lakini walioutazama walipata la kufikiri.

Pioneer iliweza kutegua mafumbo magumu kadhaa, lakini haikupata kushindana na programu nyingine. Botvinnik alifariki Mei 1995, akiwa bado anaishughulikia kazi yake. Miaka miwili baadaye, mjini New York, mwanafunzi wake wa zamani Garry Kasparov alishindwa na kompyuta Deep Blue kwa pointi 3½ kwa 2½. Deep Blue ilipima hali milioni 200 za ubao kwa nukta moja ya saa. Wahesabuji walikuwa wameshinda.

Lakini mwaka 2017 ikatokea programu nyingine, AlphaZero. Hiyo ilipewa sheria za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake, mpaka ikajua njia zipi za kufuata na zipi za kuacha. Katika michezo 100 ilicheza na Stockfish, programu iliyokuwa ikipima hali milioni 70 kwa nukta. AlphaZero ilipima 80,000 tu. Ikashinda michezo 28, wakatoka sare 72, wala haikushindwa hata mmoja.