Harufu ya limau si hewa safi

Nyumba ikishapigwa deki kwa dawa yenye harufu ya limau, wazazi wengi huamini kwamba na hewa nayo imesafishwa. Kumbe harufu hiyo ni kemikali, na ikiwa hewani haitulii.

Harufu ya maganda ya limau na machungwa hutokana hasa na kemikali iitwayo limonini, ambayo hutiwa pia kwenye dawa nyingi za usafi. Ikikutana na gesi ya ozoni, huvunjika. Ozoni huingia ndani kutoka nje, ambako hutengenezwa jua kali linapopiga moshi wa magari.

Katika kuvunjika huko huzaliwa kemikali za mpito, ambazo hutoweka kabla mtu hajafumba na kufumbua. Mkemia Mjerumani, Rudolf Criegee, alizieleza mwaka 1949, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Kwa jinsi zisivyodumu, ilipita miaka zaidi ya 60 ndipo wanasayansi wakaweza kupima moja kwa moja kasi yake, mwaka 2012.

Mvuke wa maji ni miongoni mwa vitu vinavyozimaliza. Mwaka 2015 watafiti wa Taiwan walionyesha kuwa ile iliyo ndogo kuliko zote humalizwa haraka na molekuli za maji zilizoshikana mbilimbili.

Lakini maji hayaifuti, bali huigeuza. Miongoni mwa mazao yake ni asidi ya fomiki, ile inayopatikana katika sumu ya baadhi ya sisimizi, na formaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehaidi kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hata unyevu wa pwani hauwezi kumsafishia mzazi hewa ya ndani.

Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wake, na anayetambaa yuko karibu kabisa na sakafu iliyotoka kudekiwa.

Kinga yake haina gharama. Sabuni isiyo na manukato inatosha, na kwa kiasi kidogo. Deki ipigwe asubuhi, kabla ozoni haijaongezeka kwa jua la mchana, madirisha yakiwa wazi. Mtoto, hasa mwenye pumu, akae nje mpaka sakafu ikauke. Na mashine zinazouzwa kusafisha hewa kwa kutoa ozoni zisiingie nyumbani.